Waya Alioufunga Magesa

Mwaka ule wa mvua za El Nino, Limi mjane wa Nkwabi alikuwa na simu nyumbani kwake Kambarage, na simu hiyo ilikuwa mgonjwa. Kulia ililia vizuri, ungeisikia ukiwa barabarani. Lakini ukiinua mkono wake na kuuweka sikioni, kilichotoka mle ndani kilikuwa kama mafuta yanayokaanga dagaa, na nyuma ya dagaa hao kuna mtu anazungumza nawe akiwa ndani ya debe.

Limi alizoea kushindana na kelele hizo kwa kupaza sauti. Binti yake Lusia, muuguzi kule Francistown nchini Botswana, alikuwa akipiga kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi za alasiri, na saa hiyo mtaa mzima ulijua. Wapita njia walikuwa wakimjibu wao. Yeye huku anauliza, "Hamjambo huko?" na huko barabarani mtu wa baiskeli anajibu, "Hatujambo, Mama Lusia, na wewe je?" Watu walicheka. Yeye hakucheka, kwa kuwa katika dakika zile chache za mwezi alikuwa akipata robo ya maneno ya mwanawe, na robo tatu zilizobaki alizibuni mwenyewe akiwa kitandani.

Simu ile ilikuwa na heshima yake. Nkwabi alianza kazi akiwa mpima pamba wa chama cha ushirika, akapanda hadi kuwa msimamizi wa ghala, na msimamizi wa ghala alitakiwa apatikane malori yakikwama porini. Wakamwekea simu mwaka wa sabini na tisa. Mtaani zilikuwa mbili tu, ya Nkwabi na ya bwana mifugo, na ya bwana mifugo ilikaa ndani ya kasha lenye kufuli. Ya Nkwabi haikufungiwa. Misiba ya watu, watoto wa watu waliozaliwa Mwanza na Dodoma, wagonjwa wa watu walioruhusiwa hospitali, vyote vilipitia sebuleni kwake, na Limi ndiye aliyekuwa akiviandika. Alisoma kwa masista hadi darasa la nne la zamani, lile ambalo ukilimaliza mwandiko wako unasomeka mpaka leo. Aliweka daftari kando ya simu. Jina la aliyepiga, jina la anayetafutwa, maneno yenyewe. Kisha alijifunga kanga na kwenda kuyafikisha kwa miguu. Alijivunia jambo moja, na alilisema waziwazi: hakuna ujumbe hata mmoja uliowahi kupotea mikononi mwake.

Nkwabi alipofariki mwaka wa themanini na tisa, Limi alipangisha nyumba ya mbele kwa walimu wawili, yeye akahamia vyumba vya uani. Simu ikabaki mbele kwa wapangaji. Ikilia, mwalimu anaita, Limi anatoka jikoni, anavuka uwanja, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Mara nyingi alifika simu imekwisha kukatika.

Aliyeliondoa tatizo hilo ni Magesa, kitinda mimba wake. Pamba ilipoporomoka, Magesa alikwenda Bulyanhulu kuchimba dhahabu pamoja na vijana wengine wa Shinyanga. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tano alirudi nyumbani kwa wiki mbili, macho mekundu kwa vumbi la mawe, amemletea mama yake godoro na redio. Begani alikuwa na duara kubwa la waya mwembamba wa nyuzi mbili zilizosokotwa, nyekundu na njano. Ulikuwa waya wa kulipulia miamba. Wachimbaji wote wanao. Wanaanikia nguo, wanafungia kuku, wanatengenezea vitanda. Magesa akaona hautashindwa na simu.

Siku mbili nzima alikuwa juu ya ngazi. Waya ulitoka kwenye kisanduku cha ukutani kule mbele, ukapita chini ya bati, ukavuka uwanja juu ya jiko, ukafuata ua wa minyaa, ukaingia dirishani kwa mama yake. Palipohitaji kuungwa aliunga kwa vidole, akazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha akakaza kwa fundo lile ambalo baba yake alimfundisha la kufungia magunia ya pamba, ambalo hata lori likipinduka halifunguki. Alipomaliza alimketisha Limi kitandani, akaenda dukani kwa Jafferali mjini, akapiga.

Sauti yake ikaja safi siku ile. Kulikuwa kukavu, mwezi wa pili.

"Unaniona, mama?" akamuuliza kwa utani. "Umekaa kama mke wa mkuu wa mkoa."

Asubuhi ya kuondoka alimwonya kwamba waya ule ni wa muda tu. Asimruhusu mtu yeyote kuugusa. Akirudi ataleta waya halisi wa simu, ataubadilisha mwenyewe. Limi akamwambia sawa. Barua yake ya mwisho iliandikwa Nyarugusu, upande wa Geita, mwezi wa tisa mwaka huohuo. Baada ya hapo, kimya. Wachimbaji walipotawanyika kutoka Bulyanhulu mwaka uliofuata, Limi alikaa siku kadhaa stendi ya mabasi akiwauliza wanaoshuka. Mmoja alisema Magesa ameoa Kahama. Mwingine alisema amevuka kwenda Zaire. Wa tatu aliinama, akasema kuna shimo liliporomoka, na watu waliokuwamo hawakuandikwa majina.

Desemba ya mwaka wa tisini na saba, shemeji yake Mageni, mdogo wa Nkwabi, alikuja kutoka Tinde akifuatana na wazee wawili wa ukoo. Walikaa, wakala, wakanywa, ndipo Mageni akaeleza kilichowaleta. Miaka miwili imepita na zaidi. Kijana hajazikwa wala hajaliliwa, na mtu wa namna hiyo anaachwa nje kwenye baridi. Ukoo umeonelea kuweka matanga. Alisema kwa upole, maana Mageni hakuwa mtu wa makeke, na alimpenda Magesa tangu mtoto. Limi aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawaomba wasubiri hadi baada ya mavuno.

Sasa, haikupita hata miezi miwili. Jumatano moja ya Januari, mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia redio, simu ikalia. Haikuwa Jumapili wala haikuwa saa kumi. Limi akainua.

"Mama, shikamoo."

Sauti ya mwanamume. Simu ile haikuwahi kumletea sauti ya mwanamume inayomwita mama tangu siku Magesa alipopiga kutoka dukani. Mara dagaa wakaanza kukaangwa, maneno yakazama. Limi akasimama bila kujua kama amesimama.

"Wewe ni Magesa?" akapaza. Kelele. Akarudia, "Nakuuliza, wewe ni Magesa?"

"Ndiyo, mama."

Hilo alilisikia. Lilipenya katikati ya mkwaruzo kama msumari. Akauliza uko wapi, unaumwa, umekula, yuko nani hapo, na kila swali lilimezwa, na kila jibu lilimezwa, mpaka simu ikakatika. Alikaa na ule mkono wa simu kifuani mpaka mvua ikaisha. Kisha akachukua daftari, akaandika tarehe, akaandika: Magesa. Kwenye sehemu ya maneno hakuwa na cha kuandika.

Kesho yake alipanda basi hadi Tinde. Mageni alimwona akiingia uani na matope hadi magotini, akajua ni jambo kubwa. Limi akamwambia Magesa yuko hai, amempigia, amemjibu kwa kinywa chake. Mageni alikaa chini kwenye kinu. Akachinja jogoo. Wale wazee wawili wakaitwa, wakaambiwa mambo ya matanga yaishie hapo, na mmoja wao akasema hata yeye moyo wake ulikuwa unakataa tangu mwanzo, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo.

Limi alirudi Kambarage akiwa na kazi moja tu duniani. Simu ipone kabla Magesa hajapiga tena.

Alianza na chombo chenyewe. Alikichomoa, akakifunga ndani ya kanga kama mtoto wa kliniki, akakipeleka mjini kwa Jafferali, muuza vyombo na vitambaa, ambaye Nkwabi alikuwa akimnunulia mablanketi ya wapakia magunia. Jafferali aliweka miwani, akakigeuza, akapuliza vumbi. Akachomoa simu yake ya dukani, akachomeka ya Limi, akazungusha namba ya nyumbani kwake ili kujaribu. Mkewe Kausar akapokea. Jafferali akamwambia aseme chochote, anajaribu simu ya mtu, kisha akampa Limi asikilize. Kausar alisema. Alisema kuhusu mtu aliyeahidi kuleta ndimu tangu juzi, na kuhusu wageni wa mchana, na kuhusu wanaume wanaocheza na simu wakati wenzao wanaungua na jiko. Limi alisikia kila neno, na kijiko kikigonga sufuria.

"Simu yako nzima, Mama Lusia," Jafferali akasema alipokwisha kuikata. "Mpaka kugombezwa kunafika bila kupungua. Ugonjwa uko kwenye nyaya."

Ofisi ya simu walimwambia ni mvua. Wiki iliyofuata wakamwambia ni mvua. Mwenyewe aliona mvua, hakuhitaji kwenda ofisini kuonyeshwa. Akawa anakwenda kila Jumatatu, anakaa kwenye benchi lao na viatu vyake vya kanisani, hana ugomvi na mtu, mpaka wakachoka kumwona. Katikati ya Machi wakamtuma fundi.

Fundi huyo aliitwa Selestine, mtu mfupi, mpole, mwenye ngazi ndefu kuliko umri wake wa kazi, kama alivyosema mwenyewe. Alimsalimia Limi, akapanda nguzo ya barabarani, akafungua kofia ya nguzo, akachomeka simu yake ndogo ya kupimia. Safi. Akashuka, akaenda kwenye kisanduku cha ukutani kule kwa walimu, akachomoa waya wa Magesa, akapima hapo. Safi. Akamwita Limi asikilize mlio, nao ulikuwa umenyooka kama uzi, hauna punje ya mchanga. Akaurudisha waya wa Magesa, akampa asikilize tena. Dagaa.

"Umesikia, mama? Mpaka hapa ukutani hakuna kosa. Kosa linaanzia hapa kwenda kwako."

Akaufuata waya kwa miguu, kichwa juu, mpaka kwenye minyaa. Akafungua kiungo kimoja, mpira wa tyubu ukatoa maji. Akakwangua waya kwa kisu, akaona weupe. Huu si shaba, akaeleza, huu ni chuma. Wanaulipua mara moja, basi, haukutengenezwa kukaa. Ukiungwa na kulowa unashika kutu, na mvua za mwaka huu zimeingia mote. Uondolewe wote. Yeye ana kipande cha waya wa shaba kilichobaki kazi nyingine, kinatosha, saa mbili amemaliza.

Limi akamwuliza kama hawezi kusafisha viungo tu. Selestine akasema atasafisha leo, wiki ijayo atarudi kusafisha tena. Limi akatazama juu ya jiko, pale waya ulipopita, nyekundu na njano zimepauka kwa jua la miaka mitatu.

"Huo uache," akasema. "Mwenyewe anakuja kuubadilisha."

"Mwenyewe nani, mama?"

"Mwanangu. Aliniambia usiguswe."

"Anakuja lini?"

Limi alimwambia anywe uji kwanza kabla hajaenda. Selestine alikunywa uji, akaikunja ngazi yake, akaenda.

Watu wa mtaani walisema Mama Lusia ameanza uzee. Hawakujua hesabu aliyokuwa akiipiga. Waya ule ulikuwa ahadi. Ukiwa juu ya jiko, kuna mtu ana kazi ya kumalizia pale nyumbani, na mtu mwenye kazi ya kumalizia hurudi. Ukishushwa na mkono mwingine, Magesa atarudi kufanya nini?

Jumapili ya kwanza ya Aprili Lusia alipiga. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Alisema ana jambo, mama, nina jambo, na kila alipofika kwenye jambo lenyewe sauti ilizama. Alirudia mara nne. Limi alikuwa amejifunika blanketi kichwani pamoja na simu ili kuzuia kelele za bati, jasho linamtoka, anasema sema tena, sema tena mwanangu. Mara ya tano Lusia hakurudia. Akaanza kulia, na kilio, cha ajabu, kilipita vizuri kuliko maneno. Kisha kelele zikapungua kidogo, kama zinavyofanya, na Limi akasikia hivi:

"Mama, nimechoka. Kila mwezi napiga kelele na wewe unapiga kelele na tunaagana hatujasema kitu. Nitaacha kupiga mpaka simu ipone."

Ikakatika.

Limi alitoka uani bila mwavuli. Alisimama chini ya waya. Mtoto aliyekuwapo, mwenye namba na saa na siku, alikuwa anamponyoka kwa ajili ya kumsubiri asiyekuwapo. Lakini kilichomvunja kilikuwa kingine. Alifikiri juu ya Magesa mahali fulani, ameomba simu ya watu, ameinamia kelele hizohizo, anajibu maswali ambayo mama yake hasikii. Je, kama alirudia mara nne? Je, kama mara ya tano naye alichoka? Ni waya wake mwenyewe uliokuwa unamziba mdomo.

Jumatatu alikuwa kwenye lile benchi kabla ofisi haijafunguliwa.

Selestine alikuja mchana. Limi alimwomba jambo moja, kwamba asikate. Akafungue kule juu, amteremshie, viungo atavifungua yeye. Fundi akapanda, yeye akaketi kwenye kigoda na waya mapajani. Viungo vilikuwa saba. Kila kimoja alikata mpira uliooza, akaingia kwenye fundo la magunia, na fundo la magunia lina njia yake ya kufunguka ambayo usipoijua utamaliza kucha. Limi aliijua, alikuwa ameishi na mpima pamba. Kwenye kiungo cha sita kidole kilimtoka damu kwa kutu. Selestine alisimama kando akimtazama, mwishowe akasema kijana yule alifunga vizuri, hata mafundi wa ofisini hawafungi hivyo, kosa lilikuwa la waya. Limi akaitikia kwa kichwa. Fundi alipokwisha kuvuta ule wa shaba mpaka dirishani, Limi aliuviringisha wa Magesa, akampa auchukue, ukamfae kufungia mizigo ya baiskeli.

Jioni yeye mwenyewe alimpigia Lusia, kupitia kwa opereta, akaacha ujumbe kwa bawabu wa bweni la wauguzi: simu imepona.

Jumapili ya kwanza ya Mei, saa kumi, ikalia.

"Mama?"

Limi alikuwa amesahau kwamba Lusia ana kile kikwaruzo kidogo cha koo anachokuwa nacho kabla ya kuzungumza, tangu utoto. Alisikia kitasa cha mlango. Alisikia ndege huko Botswana.

"Mama, upo?"

"Nipo. Sema polepole, nakusikia mpaka unavyomeza mate."

Lusia akacheka, halafu wakaulizana yote. Kazi, miguu, walimu wa nyumba ya mbele, nani amezaa, nani amekufa. Limi hakupaza sauti, na barabarani hakuna aliyemjibu. Walipomaliza, Lusia akasema lile jambo. Kuna mtu. Anaitwa Bundala, ni mwalimu wa hesabu hapahapa, kwao ni Nyang'hwale, Msukuma kama sisi. Anataka kuleta wazee wake Tinde. Ameogopa sana kusema na mama, maana mara ile alipojaribu mambo hayakwenda vizuri.

"Mara ipi?" Limi akauliza.

"Januari, mama. Alitaka kukusalimia tu, nilikuwa zamu. Akaniambia simu ilikatika."

Limi akashika ukingo wa kitanda.

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe."

Kulikuwa na mnong'ono, kisha miguu. "Mama, shikamoo," akasema.

Ilikuwa ileile. Sasa bila mafuta na bila debe, ilikuwa sauti ya kijana mwenye afya, nzito kidogo, ya mtu ambaye Limi hajawahi kumwona. Haikufanana na ya Magesa. Haikufanana hata kidogo.

"Marahaba," akasema. "Nisikilize, baba. Siku ile nilikuuliza kama wewe ni Magesa. Ukasema ndiyo."

Bundala alichelewa kujibu, na Limi alielewa ni kwa nini kabla hajajibu. Kijana aliyelelewa vizuri kwao hukwepa njia akimwona mama mkwe anakuja. Hamtazami usoni, hali naye, hataji jina lake. Mkwe akisema, yeye ni ndiyo. Kumwambia mkwe sikukusikia, hebu rudia, ni kama kumwambia amesema upuuzi.

"Sikusikia ulichouliza, mama," kijana akasema, sauti imeshuka. "Nilisikia tu kwamba umeuliza. Mara mbili. Niliona haya kukurudisha mara ya tatu."

Kule Francistown yule ndege aliendelea.

Limi angeweza kumkasirikia mtu, lakini alipotafuta wa kumkasirikia hakumpata. Kijana alikuwa amemheshimu. Waya ulikuwa umefanya kazi ya waya mbovu. Yeye mwenyewe aliuliza swali akiwa na jibu tayari mkononi.

"Kwenu Nyang'hwale mnalima nini?" akauliza.

Bundala akashangaa. Akasema mpunga, mama, na mihogo.

"Nieleze."

"Nieleze nini, mama?"

"Chochote. Wewe sema tu, mimi nasikiliza."

Basi kijana yule, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema na mkwe wake zaidi ya salamu, akaanza kueleza jinsi wanavyogawa majaruba ya mpunga. Alianza kwa Kiswahili cha darasani, akababaika, akahamia Kisukuma, hapo ulimi ukafunguka. Akaeleza habari za ndege waharibifu na za bibi yake aliyewafukuza kwa debe. Limi alifumba macho. Sauti ya kijana wa kiume wa nyumbani ilikuwa ikiingia katika chumba chake, safi, neno kwa neno, na aliiacha iingie mpaka Lusia akasema muda umekwisha.

Alipoweka simu alifungua daftari. Akautafuta ukurasa wa Januari. Jina la Magesa akalikata kwa mstari mmoja, ulionyooka, akaandika pembeni: Bundala. Na kwenye sehemu ya maneno: salamu.

Jumanne alikuwa Tinde. Mageni alikuwa akikwangua udongo kwenye jembe, akaliweka chini alipoona uso wake. Limi hakuzunguka. Akasema aliyepiga hakuwa Magesa, akaeleza ilivyokuwa mwanzo hadi mwisho, na habari ya mwalimu wa Nyang'hwale. Mtu mwingine angesema nilikwambia. Mageni akauliza tu:

"Sasa tufanyeje, shemeji?"

"Wekeni matanga. Niliwazuia kwa neno ambalo si lake. Siwezi kuendelea kuwazuia kwa neno la mtu mwingine."

"Na wewe?"

"Nitakuja. Nitakaa mkekani na wenzangu, nitapika, nitalia kama kilio kitakuja. Ila nywele zangu msiziguse."

Mageni akakuna kidevu. Kwa kawaida siku ya mwisho wafiwa hunyolewa, na mama ndiye wa kwanza. Akamwambia mama asiponyolewa, watu watasema.

"Watasema," Limi akakubali.

Matanga yaliwekwa mwezi wa sita, pamba ikiwa imekwisha kuchumwa. Walikuja watu wengi kuliko alivyotazamia. Wengine walikuwa wachimbaji, vijana waliovaa makoti makubwa, waliosimama mbali na kula haraka. Limi alikaa siku zote nne. Alipepeta mchele, alipokea pole, alimwita kila aliyempa pole kwa jina lake. Siku ya kunyoa, Mageni alinyolewa, na watoto wa Mageni, na shangazi wote wa Magesa. Wembe ulipofika kwake, mwanamke aliyeushika alisimama, akamtazama Mageni. Mageni akatikisa kichwa. Limi akakaza kitambaa chake. Wanawake wakatazama chini, na yule aliyekuwa na wembe akapita kwenda kwa mwingine.

Waliobaki walikaa siku mbili zaidi kumalizia chakula, ndivyo ilivyo. Walimsihi naye abaki. Alisema hawezi, akapanda basi la Jumamosi asubuhi kurudi Kambarage, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Saa kumi kasoro alikuwa amekwisha kuoga na kukaa. Simu ikalia. Akaiinua kabla ya mlio wa pili, na kabla hajasema lolote alisikiliza kwanza ni pumzi ya nani.